Uvimbe wa Taya la Mtoto

Somo la historia kwa redio

Wasikilizaji wetu wa Ipyana na madarasa yote ya bonde la Kyela, fungueni madaftari. Leo twasoma jinsi madaktari walivyoitambua saratani moja ya taya inayowapata watoto.

Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Dokta Hugh Trowell alimwita Dokta Denis Burkitt, daktari wa kupasua, amtazame mtoto wa miaka mitano. Taya zake zilivimba kulia na kushoto, juu na chini. Burkitt alishangaa, kwa maana jipu la jino huvimba mahali pamoja. Majuma machache baadaye, huko Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule. Akapekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka wa 1958 akaandika habari za watoto 38.

Kisha akauliza: ugonjwa huu hupatikana wapi? Mwezi wa Oktoba 1961, yeye na Dokta Ted Williams na Dokta Clifford Nelson walipanda motokaa kuukuu, wakapita Tanganyika mpaka Afrika Kusini. Walisafiri maili 10,000 kwa majuma kumi, wakafika hospitali 57. Waligundua kwamba ugonjwa hupatikana zaidi katika nchi za joto na mvua zenye malaria. Milimani kwenye baridi ni nadra.

Sisi wa Kyela twaelewa jambo hilo. Hapa bondeni, kando ya Ziwa Nyasa, kuna joto, mpunga na mbu. Ukipanda Tukuyu wataka blanketi.

Mwaka wa 1964, wataalamu wa London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliotoka Uganda. Leo twajua kwamba kirusi hicho, pamoja na malaria ya mara kwa mara, huufungulia njia ugonjwa huu. Lakini saratani yenyewe haiambukizi. Mtoto mgonjwa na ale pamoja na nduguze.

Kisu hakikufaa sana, kwa kuwa uvimbe huenea upesi. Dawa za saratani ndizo zilizofaa: watoto wengi uvimbe wao ulinywea kwa siku chache. Mwaka wa 1967 Mulago ilifungua kituo cha kuutibu ugonjwa huu.

Akina baba na akina mama, shikeni neno hili. Uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Mtoto akivimba taya na meno kulegea, msiridhike na kung'oa jino, wala msingoje mavuno. Mpelekeni hospitali. Daktari atakata kipande kidogo cha uvimbe, kitazamwe kwa hadubini, kisha ampe barua ya hospitali kubwa. Wanaowahi, wengi hupona.

Maswali ya darasa
1. Kwa nini Burkitt hakuamini kwamba ni jipu la jino?
2. Safari ya 1961 ilionyesha nini?
3. Chandarua chahusikaje na somo hili?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.