Kungoja Nyumbu wa Juni: Historia ya Matembezi ya Serengeti kwa Watu wa Mara

Katika mji wa Musoma na katika wilaya za Bunda na Butiama, mkoani Mara, likizo ya shule ya katikati ya mwaka, ambayo kwa kawaida huanza mapema mwezi Juni, huangukia katika majuma yaleyale ambayo makundi ya nyumbu, yakifuatana na pundamilia na swala, huwa yamefika katika ukanda wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, yaani ule mkono mrefu wa hifadhi unaonyooka kutoka maeneo ya Seronera kuelekea Ziwa Victoria na kukoma kilomita chache tu kabla ya maji ya Ghuba ya Speke. Mihula ya shule ilipangwa na serikali na safari ya nyumbu hupangwa na mvua, lakini kukutana kwa kalenda hizo mbili ndiko kulikoyafanya matembezi ya hifadhini kuwa jambo ambalo mtoto wa Mara anaweza kulihesabia siku tangu masika yanapoanza kukatika. Makala haya yanashikilia kwamba kungoja huko ni kukongwe kuliko hifadhi yenyewe, kwamba sheria za karne ya 20 ziliugeuza msimu wa chakula kuwa msimu wa kutazama, na kwamba jirani wa Serengeti alichelewa sana kuhesabiwa miongoni mwa wale ambao tamasha hilo ni lao.

Kinachongojwa kinafaa kuelezwa kwanza. Uhamaji wa nyumbu ni mzunguko wa mwaka mzima unaofuata nyasi na maji: kati ya Januari na Machi makundi hukaa katika mbuga za nyasi fupi za kusini, kandokando ya Ndutu, ambako majike huzaa karibu wote kwa wakati mmoja; mvua zinapopungua na nyasi hizo kukauka, makundi husogea magharibi na kaskazini, na kati ya Mei na Julai sehemu kubwa yake huwa karibu na mito ya Mbalageti na Grumeti, ambako mamba wa Kirawira huyasubiri vivukoni, kisha huendelea hadi mto Mara mpakani mwa Kenya, na mvua za vuli huyarudisha kusini. Tarehe kamili haipo. Mvua ikichelewa nyumbu nao huchelewa, na mwaka wenye mvua za kupitiliza huweza kuyapitisha makundi katika njia nyingine kabisa, ndiyo maana anayengoja hulazimika kusikiliza habari za njiani kuliko kutegemea kalenda ya ukutani.

Kabla ya kuwapo lango wala tiketi, waliozisikiliza habari hizo walikuwa Waikoma, Wanata, Waishenyi, Waikizu, Wangoreme na majirani zao Wazanaki, ambao waliishi kwa kilimo cha mtama na ulezi, kwa mifugo na kwa uwindaji, wakigawana uzito wa kila kazi kulingana na hali ya mwaka. Kufika kwa nyumbu kulikuwa msimu. Wanaume walichimba mashimo ya kunasia wanyama, walitega mitego na kutumia mishale yenye sumu, na nyama iliyopatikana ilikatwa vipande virefu na kuanikwa hadi ikawa kimoro, yaani nyama kavu inayoweza kuhifadhiwa kwa miezi ya njaa. Ngozi na mikia ya nyumbu iliuzwa kwa Wasukuma wa kusini, na malipo mara nyingi yalikuwa mifugo, hivi kwamba mwindaji hodari aliweza kujijengea zizi. Huo ndio msingi wa kungoja kunakozungumzwa hapa, na kuusahau ni kuifanya historia ya Serengeti ianze siku alipofika mgeni wa kwanza mwenye bunduki.

Kwa bahati mbaya ndivyo historia hiyo ilivyosimuliwa kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka, ambao huua wanyama wenye kwato mbili wakiwamo ng'ombe, nyati na nyumbu, uliteketeza mifugo ya Afrika Mashariki karibu yote, na ukafuatwa na njaa, magonjwa ya watu na kuhama kwa vijiji. Mahali palipoachwa na watu na mifugo, vichaka viliota upya na mbung'o wakaingia. Wajerumani walijenga ngome yao Ikoma katika nchi iliyokwisha kuumia. Mwaka 1913 mwindaji na mwandishi wa Marekani, Stewart Edward White, alitembea kwa miguu kutoka Nairobi hadi sehemu za kaskazini za Serengeti, na kitabu alichokichapisha mwaka 1915 kiliionyesha nchi hiyo kama paradiso ya wanyama iliyokuwa haijaguswa. Alichokiona kilikuwa cha kweli, ila hakujua kwamba utupu wake ulikuwa na umri usiozidi miaka ishirini na kidogo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia gari liliifungua Serengeti kwa wawindaji matajiri, ambao waliwaua simba kwa wingi kiasi cha kuushtua utawala wa Waingereza, nao ukatenga eneo dogo la akiba mwaka 1921 na kulipa ulinzi kamili mwaka 1929. Denys Finch Hatton, mwindaji wa kulipwa aliyewaongoza wageni wengi wenye vyeo, aliandika katika gazeti la The Times la London kupinga tabia ya kuwapiga simba risasi kutoka ndani ya magari, na mabishano hayo yalisaidia kuhamisha heshima ya safari kutoka kwenye bunduki kwenda kwenye kamera. Mgeni aliyekuja kuua akaanza kuja kutazama. Kwa mwenyeji, hata hivyo, mabadiliko hayo yalikuwa na maana ya kinyume, kwa kuwa hakuwa na kamera wala gari, na uwindaji wake wa chakula ndio uliobaki kuitwa kosa.

Serengeti ilitajwa kuwa hifadhi ya taifa katika sheria ya wanyamapori ya mwaka 1940, lakini ikaanza kuwa hifadhi kwa vitendo mwaka 1951. Hifadhi ya taifa, kwa maana ya kisheria iliyokuja kuthibitika Tanganyika, ni eneo ambalo hakuna anayeruhusiwa kuishi, kulima, kuchunga wala kuwinda ndani yake, na ambalo binadamu huingia kama mgeni kwa kibali na kwa malipo. Mwaka 1959 eneo la Ngorongoro lilitengwa ili Wamasai waendelee kuishi humo, nao wakatakiwa kuondoka katika mbuga za mashariki za Serengeti; upande wa magharibi, familia za Kiikoma na za majirani zao zilipoteza mashamba ya zamani, mapito ya uwindaji na mahali pa matambiko, na neno ujangili, lenye maana ya uwindaji usio na kibali, likaanza kumhusu mtu ambaye baba yake alifanya kazi hiyohiyo kwa sifa.

Mwaka huohuo wa 1959, mwezi Januari, Michael Grzimek, aliyekuwa akiwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani pamoja na baba yake Bernhard, alikufa katika ajali ya ndege yao ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, akazikwa kwenye ukingo wa Ngorongoro. Filamu waliyoitengeneza ilipata tuzo ya Oscar na kuwafanya maelfu ya watu wa Ujerumani na kwingineko Ulaya waiote Serengeti kama mahali pa kufika angalau mara moja maishani. Kungoja kukavuka bahari.

Hapa inafaa kulinganisha na jambo lililotokea Marekani wakati huohuo. Disneyland, bustani kubwa ya burudani iliyojengwa kwa simulizi za filamu, ilifunguliwa California mwezi Julai 1955, miaka minne baada ya hifadhi ya Serengeti, na miongoni mwa michezo yake ya mwanzo ulikuwamo wa kusafiri kwa mashua katika mto wa kuchimbwa, huku viboko, tembo na mamba wa mashine wakiinua vichwa kwa saa. Mwaka 1998 kampuni iliyoijenga ilifungua Florida bustani iitwayo Disney's Animal Kingdom, ambamo kipo kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe, chenye mabango ya Kiswahili, na safari ya gari katika mbuga iliyopandwa, yenye wanyama hai, inayoitwa Kilimanjaro Safaris. Kwa miaka mingi abiria wa safari hiyo walishirikishwa katika mchezo wa kuwakimbiza majangili wa tembo. Shabiki wa bustani hizo, anayehesabu miezi na siku hadi likizo yake, ana furaha ya kweli isiyostahili kudharauliwa. Lakini kwa msomaji wa Bunda ni jambo la kutafakari kwamba nakala ilipotengenezwa, sehemu iliyohifadhiwa katika simulizi ilikuwa ya mgeni anayeokoa na mhalifu anayekimbia, na mkulima wa kando ya mto hakupewa nafasi yoyote.

Mwana wa Mara aliyekuwa na uwezo wa kulibadili simulizi hilo alikuwa Julius Kambarage Nyerere wa Butiama. Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, tamko lake lililokuja kujulikana kama Tamko la Arusha la wanyamapori liliahidi kwamba Tanganyika ingewalinda wanyama hao kama amana kwa vizazi vijavyo. Hunasibishwa naye pia kauli kwamba yeye binafsi hakuvutiwa sana na wanyama wala hakutamani kuitumia likizo yake kutazama mamba, ila aliamini kwamba baada ya almasi na mkonge wangekuwa chanzo kikubwa cha mapato ya nchi. Kauli hiyo inaeleza mengi kuhusu sera ya miaka iliyofuata. Serengeti ilihesabiwa kuwa mali ya taifa kwa sababu ya fedha za kigeni, na furaha ya raia ndani yake haikuwa hoja ya kwanza.

Miaka ya mwanzo ya 1970 serikali ilijenga hoteli za Lobo na Seronera juu ya miamba mikubwa ya hifadhi, na uwanja wa ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971 ili watalii wasilazimike kupitia Nairobi. Vijana wa TANU na wasomi wa Dar es Salaam walikuwa tayari wamebishana magazetini mwaka 1970 iwapo utalii na ujamaa vinaweza kukaa nyumba moja. Mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na misafara iliyokuwa ikiingia kutoka Maasai Mara ikakatika kwa ghafla. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Nyumbu wenyewe hawakuujua mpaka. Chanjo ya ng'ombe ilikuwa imeiondoa sotoka miongoni mwao tangu mwanzo wa miaka ya 1960, na idadi yao, iliyokuwa kama 250,000 mwaka 1961, ilipita milioni moja na robo kufikia mwaka 1977, hivyo miaka ambayo wageni walipungua sana ndiyo ambayo tamasha lenyewe lilifikia ukubwa linaojulikana nao leo.

Mtanzania wa kawaida wa Kanda ya Ziwa alianza kuwatazama wanyama kwa starehe mahali pengine. Kisiwa cha Saanane, karibu kabisa na mji wa Mwanza, kilifunguliwa mwaka 1964 kuwa bustani ya wanyama, na kwa miongo kadhaa ndicho kilichokuwa matembezi ya sikukuu, kwa kuwa kilifikika kwa mashua na kwa nauli ndogo. Kilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Kuhusu Serengeti, mlango wa wenyeji ulifunguliwa na shule. Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililoamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote, lilijaza madarasa, na kuanzishwa kwa Klabu za Malihai mwaka 1980, ambazo ni vyama vya wanafunzi vya kujifunza mazingira na wanyamapori, kuliifanya ziara ya hifadhini kuwa sehemu ya maisha ya shule. Mwanafunzi akaingia kwa lango la Ndabaka, lililo kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma kati ya Lamadi na mji wa Bunda, akiwa na daftari na chakula alichofungiwa nyumbani.

Wengine waliiona Serengeti bila kuikusudia. Mabasi ya Musoma na Arusha yanayopitia Mugumu hukatiza katikati ya hifadhi hadi Ngorongoro, ili kukwepa mzunguko mrefu wa Mwanza, Shinyanga na Singida, na abiria hulipa kiingilio juu ya nauli hata kama wanakwenda msibani. Kwa familia nyingi za Mara, twiga wa kwanza alionekana kupitia dirisha la basi hilo. Jambo hilo linastahili kuandikwa katika historia ya utalii wa ndani kwa uzito uleule unaopewa hoteli, kwa sababu hadithi zilizosimuliwa nyumbani baada ya safari hizo ndizo zilizowafanya watoto waombe kupelekwa.

Vijiji vilivyopakana na hifadhi vilipata mabadiliko ya aina yake. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaani maeneo ambayo makazi yamekatazwa lakini uwindaji wa kibali unaweza kuruhusiwa, yalitangazwa mwaka 1994 na kuusogeza mpaka wa makatazo karibu zaidi na mashamba. Baadaye vijiji kama Robanda viliungana katika Jumuiya ya Ikona, mfumo ambao vijiji hutenga sehemu ya ardhi yao kwa wanyamapori na kupokea mgawo wa mapato yake. Mgawo huo umejenga madarasa, nao tembo wameendelea kula mahindi, na mtu anayelala shambani akipiga debe kuwafukuza hawezi kulazimishwa kuyaona matembezi ya hifadhini kama mkazi wa mjini anavyoyaona.

Safari za likizo za siku hizi mara nyingi huunganishwa na Butiama. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa huko mwaka 1999, mwaka uleule aliofariki na kuzikwa Mwitongo, kwenye makazi ya ukoo wa Mtemi Nyerere Burito, na ndani yake zimewekwa zawadi na vitu alivyovitumia. Kundi la wanafunzi au wanakwaya kutoka Musoma linaweza kuzuru kaburi asubuhi, likaendelea hadi Bunda, na kuingia Ndabaka siku ya pili. Mgeni wa nje huchagua tarehe zake mwaka mzima kabla, akizilipia kwa dola pasipo kujua mvua itakavyokuwa, ilhali jirani hulipa kiingilio kidogo kwa shilingi na ana nafasi ya kungoja hadi madereva wa barabara kuu waseme kwamba nyumbu wameonekana Ndabaka. Kinachomzuia zaidi ni gari: ndani ya hifadhi hakuna kutembea kwa miguu bila kibali wala usafiri wa umma wa kuzungukia, kwa hiyo familia huchanga pamoja na familia nyingine, kanisa au msikiti kukodi basi dogo, na mchango huo huanza kukusanywa mwezi Aprili, wakati nyumbu wangali kusini.