Maumivu ya shingo (Kyumbi)

Kyumbi ni njia panda katika Kaunti ya Machakos, Kenya, ambapo barabara ya kwenda mjini Machakos huachana na ile ya Nairobi–Mombasa. Hapo, kama kwingine Ukambani, wanawake wengi kwa desturi hubeba maji na kuni mgongoni kwa mkanda unaopita kichwani, na uzito huo huvuta misuli na pingili 7 za shingo. Mtungi wa lita 20 una takriban kilo 20. Safari mbili za lita 10 kila moja huipunguzia shingo mzigo. Maumivu mengi hupoa baada ya wiki chache kwa kukandwa kwa kitambaa cha moto na kuendelea kujinyoosha, wala si kulala kutwa. Mkono ukifa ganzi, homa ikija na shingo ngumu, au baada ya ajali ya bodaboda, mgonjwa asichuliwe kamwe: apelekwe hospitali.