Neno la Wiki: Pima

Kitenzi “pima” humaanisha kutafuta uzito, urefu au kiasi cha kitu. Sangara akipimwa mwaloni Musoma, au kiwanja kikipimwa Bunda, kinachopimwa hubaki vilevile. Lakini katika fizikia ya kwanta, inayohusu chembe ndogo mno, kupima si kutazama tu kwa macho: hugusa chembe na kubadili hali yake. Mwaka 1977, wanafizikia Misra na Sudarshan walionyesha kihesabu kwamba chembe isiyo thabiti ikipimwa mfululizo haivunjiki. Wapo wanaokisia kwamba athari ya namna hiyo ya upimaji hueleza muungano baridi wa viini vya atomi, yaani muungano bila joto kali, uliotangazwa Marekani na wanakemia Fleischmann na Pons mwaka 1989. Majaribio mengi ya kuurudia yalishindwa. Dhana kwamba upimaji ndio unaoueleza imekisiwa, haijapimwa.