Sungusungu: Hukumu Kabla ya Mapambazuko

Sungusungu ni chungu weusi wang'atao, waendao kwa safu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Kahama na Shinyanga walilitwaa jina hilo wakawa jeshi la usiku, wakishika pinde na mishale. Wengine walijiita Basalama, watu wa amani. Kiongozi wao waliyemweka juu waliita ntemi, cheo cha machifu wa kale ambao Serikali iliwaondolea mamlaka mwaka 1963.

Haja yao ilikuwa ya kweli. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bunduki zilisambaa mikononi mwa wezi wa ng'ombe, na kwa Msukuma ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni heshima ya mji. Polisi walikuwa mbali, na mara nyingine walishukiwa kula njama na wezi. Kuwapelekea shauri kulionekana ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Basi mwano, ukelele wa hatari, ulipolia, kila mwanamume alitoka, na kijiji kwa kijiji kikafuata nyayo za mifugo mpaka ng'ombe wakarejea. Mwenendo huo ulienea hadi Geita, kwenye ardhi ya dhahabu, na Mwalimu Nyerere mwenyewe aliuunga mkono.

Lakini mlinzi aligeuka hakimu. Aliyekamatwa usiku aliweza kujikuta mbele ya baraza la wenziwe kabla hajamwona polisi wala hakimu. Faini ililipwa kwa ng'ombe. Asiyetii alitengwa, asisalimiwe, asipewe moto wala maji.

Mahakama ya usiku si jambo geni duniani. New York ilianzisha yake mwaka 1907, ili aliyekamatwa jioni asilale rumande akinyonywa na wauza dhamana. Huko usiku ulimfupishia mtuhumiwa kifungo. Usukumani ulimfupishia utetezi. Mwizi wa ng'ombe huacha nyayo, lakini mchawi haachi. Mabaraza mengine yaliwafukuza vikongwe waliotuhumiwa uchawi, wajane ambao macho yao yaliiva kwa moshi wa jikoni. Ajuza wa namna hiyo angeleta ushahidi gani?

Dola nayo haikuwa safi. Mwaka 1976, katika msako wa wauaji wa watu waliodhaniwa wachawi huko Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya usalama, na baadhi yao wakafa. Mwezi wa Januari 1977, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Hakumpiga mtu, ila alikubali kwamba dhamana ni yake.

Hapo ndipo penye tofauti. Katiba ilipoongezewa haki za raia mwaka 1984, ilitamka kwamba mshitakiwa asihesabiwe mkosaji kabla ya kuthibitishwa kosa lake. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, likawapa Sungusungu uwezo wa kukamata. Kuhukumu kulibaki kwa mahakama. Mpaka huo haukutungwa kwa kuwadharau wanavijiji waliokesha wakilinda mali zao. Umetungwa kwa sababu kosa la mahakama hukatiwa rufaa, na kosa la ofisi hupata waziri wa kulijibu; ajuza aliyefukuzwa usiku na kijiji kizima, asubuhi hana wa kumshitaki.