Bahari ya Hindi na Kipimo cha Jua

Kwa macho yetu jua na mwezi vina upana unaokaribia kuwa mmoja, kama nusu digrii. Ndiyo maana jua linapopatwa kikamilifu mwezi hulifunika sawasawa. Basi anayetaka kujua ukubwa wa jua hana budi kujua kwanza umbali wake. Umbali ukipatikana, ukubwa ni hesabu fupi tu. Umbali huo ulitafutwa kwa zaidi ya miaka 2,000, na sehemu nzito ya kazi hiyo ilifanyika katika Bahari ya Hindi, jambo linalostahili kujulikana zaidi huku kwetu.

Wayunani ndio waliothubutu mapema. Anaxagoras alishtakiwa mjini Athens kwa kusema jua ni jiwe la moto, kubwa kuliko rasi ya Peloponnese. Katika karne ya 3 KK, Aristarchus wa Samos aliukadiria mwezi ukiwa nusu kamili, akasema pembe kati yake na jua ni digrii 87. Kwa hesabu yake jua liko mbali kama mara 19 kuliko mwezi, na upana wake ni kama mara 7 wa dunia. Hoja ilikuwa sahihi kabisa. Ila pembe yenyewe inakaribia digrii 89.85, na tofauti hiyo ndogo huigeuza mara 19 kuwa mara 390 hivi.

Karne ya 17 Kepler alionyesha uwiano wa masafa ya sayari zote. Palibaki kupata umbali mmoja wa kweli, na mengine yote yangefuata. Mwaka 1716 Edmond Halley alipendekeza njia: Zuhura ikipita mbele ya uso wa jua, watazamaji wawili walio mbalimbali wataiona ikikata mistari miwili tofauti, kama kidole kinavyohama ukikitazama kwa jicho moja kisha jingine. Mpito wa karibu ungekuwa mwaka 1761. Halley alizaliwa 1656; alijua hatauona, akawaachia vijana kazi hiyo.

Vijana wakaenda. Alexandre Pingré alifika kisiwa cha Rodrigues, akapima kwa shida kati ya mawingu, kisha Waingereza wakakivamia kisiwa akakwama huko. Charles Mason na Jeremiah Dixon walitumwa Sumatra, lakini walishambuliwa na meli ya Wafaransa wakaishia Rasi ya Tumaini Jema. Guillaume Le Gentil aliondoka Ufaransa mwaka 1760 akielekea Pondichéry, India. Mji huo ukatwaliwa na Waingereza akiwa njiani, na siku ya mpito ikamkuta melini katikati ya bahari, chombo kikiyumba, asiweze kupima lolote la maana. Akakataa kurudi nyumbani mikono mitupu. Aliusubiri mpito wa 1769 kwa miaka minane, katika muda huo akichora ramani za pwani ya mashariki ya Madagaska. Alfajiri aliyoingojea miaka yote hiyo, wingu lilitanda Pondichéry. Alipofika Ufaransa mwaka 1771 alikuta amehesabiwa mfu, warithi wakigawana mali yake. Naamini hakuna aliyelipa gharama kubwa zaidi kwa ajili ya namba moja.

Hata waliobahatika kuona walikwazwa na kitu wasichokitegemea. Zuhura ilipogusa ukingo wa jua, ilionekana kunata kama tone jeusi, na watu waliosimama pamoja wakaandika nyakati tofauti. Mwaka 1824 mwanaastronomia Encke alichambua upya vipimo vyote vya mipito hiyo akapata umbali wa kilomita milioni 153 hivi.

Aliyelitatua jambo hili vizuri ni Mskoti David Gill. Akiwa Mauritius mwaka 1874, aliipima sayari ndogo iitwayo Juno jioni, kisha alfajiri, akiiachia dunia yenyewe imhamishe kwa mzunguko wake. Juno huonekana kama nukta, haina ukingo wa kubishaniwa. Baadaye, akiwa mkuu wa kituo cha unajimu cha Rasi ya Tumaini Jema, aliongoza vipimo vya sayari ndogo nyingine tatu, vilivyoupeleka umbali karibu kabisa na milioni 149.6 tunazotumia leo. Hapo jua likapata upana wake: kilomita 1,392,000 hivi, mara 109 ya dunia.

Umbali huo ndio pia msingi wa kupima umbali wa nyota. Dunia ikihama upande mmoja wa jua hadi mwingine, takriban kilomita milioni 300, nyota ya karibu husogea kidogo sana mbele ya zile za mbali. Friedrich Bessel alilithibitisha hilo mwaka 1838. Thomas Henderson alikuwa ameshaipima nyota ya Alpha Centauri akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833, ila alichelewa kutangaza.

Upana wa nyota ulikuwa mgumu zaidi, maana nyingi hubaki nukta hata kwenye darubini kubwa. Desemba 1920, Albert Michelson na Francis Pease waliunganisha miale ya nyota Betelgeuse kwa vioo vilivyotenganishwa juu ya darubini ya Mount Wilson, Marekani, wakapata upana wa sekunde 0.047 za pembe. Ikiwekwa mahali pa jua, nyota hiyo ingeimeza hata njia ya Mirihi. Kwa nyota nyingine hutumika joto: mwaka 1879 Jožef Stefan aligundua kwamba joto likizidi mara mbili, kila eneo la uso hutoa nishati mara 16. Hivyo nyota baridi inayotoa mwanga mwingi lazima iwe kubwa, mradi umbali wake ujulikane. Chombo cha Gaia, kilichorushwa mwaka 2013, kimepima umbali wa nyota zaidi ya bilioni moja, lakini Betelgeuse inang'aa mno kwa vifaa vyake. Makadirio ya umbali wake yanaanzia kama miaka-nuru 500 hadi zaidi ya 700, na ukubwa wake nao bado unabishaniwa.