Ngazi Ilipofika Kikomo

Moto uliozuka katika tanuri la mwoka mikate Thomas Farriner, mtaa wa Pudding Lane jijini London, tarehe 2 Septemba 1666, uliteketeza zaidi ya nyumba 13,000 kwa siku nne. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao, zimebanana, na orofa zao za juu zilitokeza mbele hadi zikakaribia kugusana juu ya vichochoro. Sheria ya ujenzi ya 1667 ikaagiza matofali na mawe, na baadhi ya mitaa ikapanuliwa. Husemwa kwamba upanuzi huo ulikuwa wa kuzuia moto usiruke. Ni kweli, ila mikokoteni ya wafanyabiashara nayo ilihitaji nafasi, na kuwafikisha wazimaji moto mlangoni bado hakukuwa hoja kubwa.

Hoja hiyo ilikuja na James Braidwood. Mwaka 1833 kampuni za bima za London ziliunganisha vikosi vyao vya zimamoto na kumpa yeye uongozi. Wakati huo desturi ilikuwa kusimama barabarani na kurusha maji kuelekea kwenye moshi. Braidwood aliwafundisha watu wake kuingia ndani na kukitafuta kiini cha moto. Tangu hapo mlango, sakafu na ngazi za ndani vikawa njia ya kazi ya askari wa zimamoto, wala si ya wakazi peke yao. Yeye mwenyewe aliangukiwa na ukuta akafa katika moto wa maghala ya Tooley Street, Juni 1861.

Miaka ya 1870 tatizo likageuka kutoka upana kwenda urefu. Karibu na St James's Park lilipanda jengo la makazi liitwalo Queen Anne's Mansions, likafikia ghorofa 12 na baadaye zaidi, juu kupita ngazi za kikosi cha zimamoto. Sheria ya 1890 ikaweka kikomo cha futi 90, na ile ya 1894 ikakishusha hadi futi 80, yaani takriban mita 24, bila kuhesabu orofa mbili ndani ya paa.

Kwa nini? Hadithi ipendwayo ni kwamba Malkia Victoria alikasirika kwa kuzibiwa mandhari ya Bunge kutoka ikulu yake. Inasimulika vizuri, lakini kikomo kilihusu London nzima, hata mitaa isiyoonekana kutoka dirisha lolote la ikulu. Maelezo ya pili ni mwanga na hewa, na yana uzito, kwa kuwa sheria hiyo ya 1894 iliagiza pia nafasi wazi nyuma ya nyumba. Ya tatu ni ngazi za zimamoto. Naona haya mawili ya mwisho yalisukumana pamoja. Malkia aliongeza kelele tu.

Huko New York, tarehe 25 Machi 1911, kilionekana kilichohofiwa. Moto ulishika kiwanda cha nguo cha Triangle katika ghorofa za 8, 9 na 10, nazo ngazi za zimamoto zikaishia karibu na ya 6. Watu 146 walikufa, na mlango uliofungwa kwa ufunguo ulichangia sana.

Miji haikuacha kurefuka. Ngazi ya nje iliposhindwa kufuata, njia ya askari ililazimika kujengwa ndani ya jengo lenyewe: ngazi za ndani zilizokingwa kwa kuta zinazostahimili moto, lifti ambayo askari anaweza kuitwaa, na bomba la kupandisha maji. Katika kanuni za Uingereza za leo, ghorofa ya juu ikizidi mita 50 bomba hilo lazima liwe na maji muda wote. Chini ya hapo huruhusiwa bomba kavu, ambalo gari la zimamoto hulijaza kutoka barabarani.

Grenfell Tower, jengo la London lililokamilika 1974, lilikuwa na urefu wa mita 67, lakini bomba lake lilikuwa kavu. Moto wa usiku wa 14 Juni 2017 katika jengo hilo uliua watu 72. Wengine walilaumu ufupi wa ngazi za magari ya zimamoto. Uchunguzi rasmi ulionyesha kwamba sababu kuu ya moto kuenea ilikuwa paneli za nje zenye plastiki ndani yake. Hata hivyo, upande wa njia nao ulikuwa na kasoro: askari walishindwa kuitwaa lifti, wakapanda kwa miguu kwenye ngazi pekee ambazo wakazi walikuwa wakishukia, huku namba za ghorofa zilizoandikwa humo zikiwa hazikurekebishwa baada ya ukarabati.

Tangu Januari 2023, wenye majengo marefu ya makazi nchini humo hutakiwa kukagua lifti za zimamoto kila mwezi, kuweka ramani katika kisanduku maalumu, na kuandika namba zinazosomeka kwa tochi. Kwa majengo mapya ya makazi yenye mita 18 au zaidi, ngazi za ndani za pili zimepangwa kuwa lazima kuanzia 30 Septemba 2026. Agizo hilo haliyagusi majengo yaliyokwisha kusimama na ngazi moja.