Kifua Kikuu cha Ng'ombe: Jinsi Kilivyopungua Uingereza, Kisha Kikarudi



Leo tunaweka jembe chini kidogo, tusimulie historia. Tunakwenda Uingereza, ambako kifua kikuu cha ng'ombe kimepigwa vita kwa zaidi ya miaka mia moja. Vita hivyo vina mafunzo kwako, hata kama zizini una ng'ombe mmoja tu.

Mwaka 1901 Daktari Robert Koch, Mjerumani aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu mwaka 1882, alisema mjini London kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa binadamu. Serikali ya Uingereza haikuridhika, ikaunda tume. Mwaka 1911 tume ikatoa jibu: kumbe mtu huambukizwa, na watoto ndio wanaoumia zaidi kwa kunywa maziwa mabichi.

Basi hatua mbili zikafuatwa. Kwanza, maziwa yalipashwa moto kuua vijidudu. Pili, ng'ombe walipimwa. Mtaalamu humdunga ng'ombe tuberkulini katika ngozi ya shingo, akarudi siku ya tatu. Ngozi ikivimba kupita kiasi, ng'ombe huyo huchinjwa, hata kama kwa macho anaonekana mzima. Mpango wa hiari ulianza mwaka 1935, ukawa wa lazima kuanzia 1950, eneo baada ya eneo, na kufikia 1960 nchi nzima ilikuwa imeguswa. Ugonjwa ukapungua sana.

Lakini haukwisha. Mwaka 1971, katika wilaya ya Gloucestershire, alipatikana melesi aliyekufa kwa ugonjwa huo. Melesi ni mnyama wa porini wa jamaa ya nyegere, mwenye milia usoni, alalaye mashimoni. Kuanzia 1975 serikali ilitia gesi mashimoni mwao, ikaacha mwaka 1982.

Je, kuwaua kulisaidia? Kati ya 1998 na 2005 lilifanywa jaribio kubwa. Ndani ya maeneo walimouawa melesi wengi, ugonjwa wa ng'ombe ulipungua. Pembezoni mwa maeneo hayo, uliongezeka! Sababu ni kwamba melesi waliosalia walitawanyika, wakatangatanga na ugonjwa wao. Hata hivyo wafugaji wengi walisema: utapimaje ng'ombe kila mara, na mnyama mgonjwa yuko malishoni? Mwaka 2013 kuwaua kukaanza tena, na zaidi ya melesi 200,000 wameuawa. Ubishi bado ni mkali.

Sasa sikiliza jambo hili. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliikumba Uingereza, upimaji ukasimama kwa miezi. Wafugaji waliopoteza mifugo wakanunua mingine bila kupimwa. Kifua kikuu kikafika hata Cumbria, kaskazini, mbali na kilikozoeleka. Melesi hakupanda lori, ndugu yangu. Aliyepanda lori ni ng'ombe.

Ugonjwa huu upo Afrika Mashariki pia. Kwa hiyo, usinunue ng'ombe kwa kutazama unene wake tu; mwulize Bwana Mifugo juu ya kupimwa. Mgeni mtenge kwanza. Anayekohoa na kukonda, toa taarifa. Na maziwa ya watoto yachemshe kila siku, bila kukosa.